UZI: Nimerudia Thor Ragnarok kwa kibanda cha Kondele na sasa niko na maswali

jakondele
Wasee mko aje. Kabla mtu aniambie nimechelewa, najua, muvi ni ya 2017 na nyinyi mlishaimaliza mkaisahau. Lakini jana mvua ilinishika nikitoka Kibuye nikaingia kwa kibanda cha muvi hapa Kondele, Kisumu, ishirini bob unapata nafasi kwa benchi, na jamaa alikuwa ameweka Ragnarok, ile ya Thor mungu wa radi, imewekewa sauti ya dijei kwa Kiswahili. Mara ya kwanza niliiona nikiwa chuo Maseno, lapi ni ya rumeti, iyafoni moja watu wawili, nikacheka nikalala. Jana nimeiona na watu karibu arobaini, wa boda, wamama wawili wa omena wamekimbia mvua kama mimi, watoto hata hawajafika darasa la tano, na walahi nimegundua sikuwahi kuielewa.

Sababu ni dijei. Pale Odin, baba ya Thor, anawaambia vijana wake wako na dada mkubwa ambaye aliwaficha maisha yote, halafu mzee anaisha hapo hapo Norway kando ya bahari na huyo dada anatokea hata kabla mtu afute machozi, dijei akasema matanga hata hayajatangazwa, kifungua mimba aliyefichwa ashafika na anadai boma. Kibanda kilipasuka. Mama mmoja wa omena akasema hio ni kwao kabisa, hata huyo dada, Hela, ni kama anamjua.

Sasa shida yangu. Nilifika nyumbani nikaanza kusoma vile hio hadithi iko kwa wenyewe, wale watu wa kaskazini ya Ulaya, nikashtuka. Ragnarok yao ni kiama. Odin anamezwa na mbwa mwitu anaitwa Fenrir. Thor anaua nyoka mkubwa wa baharini, Jörmungandr, halafu anatembea hatua tisa tu, sumu inamwangusha, kwisha. Heimdall mlinzi na Loki mjanja wanauana. Jitu la moto Surtr linachoma kila kitu. Na sisi tumepewa nini, mtu wa mawe anaongea kwa upole kama daktari wa watoto, Thor ananyolewa kwa lazima, Hulk anatoka kwa maji ya moto uchi. Nauliza tu, mbona kiama cha watu kiligeuzwa komedi, na mbona mimi nilicheka?

fundi_kibuye
Ulilipa ishirini ukaenda kutafuta huzuni. Si ungekaa tu na mvua.

mse_wa_menengai
Omera umeanza vizuri ukaharibikia mwisho. Hio muvi haikutoka moja kwa moja kwa hadithi za kale, ilipitia kwa vitabu vya katuni, na huko ndio mambo yalianza kubadilishwa. Thor wa katuni alianza 1962, ni Stan Lee, ndugu yake Larry Lieber na mchoraji Jack Kirby. Na hata hakuanza kama mungu, alianza kama daktari anachechemea anaitwa Donald Blake, yuko zake Norway, anapata fimbo kwa pango, akiigonga inakuwa nyundo. Kutoka siku ya kwanza walikuwa wanacheza na hizo vitu.

Halafu 1983 akaingia Walter Simonson, anaandika na kuchora yeye mwenyewe, na huyo ndiye alirudisha uzito. Wale mliona kwa muvi yule kipara Skurge na bunduki zake mbili, mjue kwa katuni ya 1985 huyo jamaa alibaki peke yake kwa daraja akazuia jeshi la wafu ili wenzake watoroke. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa upande mbaya. Kwa muvi walimfanya mtu mwoga, Hela akimuuliza yeye ni nani anasema yeye ni mfagizi tu, unacheka, halafu mwisho anaruka kutoka kwa ile meli arudi kufia wenzake. Mimi hapo nilinyamaza. Msichana nilikuwa naye akaniuliza mbona natoa machozi kwa sababu ya mfagizi. Kwa hio usiseme ni kucheka tu. Nakuru tulilia.

jakondele
@mse_wa_menengai wueh, hapo kwa Skurge dijei alikuwa anasalimia mashabiki wake wa Githurai. Nimepitwa na kifo cha mtu nikisikiliza salamu.

kamanda_wa_milimani
Mimi nitasema ukweli hata kama mtaniblock. Ya kwanza ya 2011, ile ya Kenneth Branagh, ilikuwa inajiona ni tamthilia ya wafalme na ilikuwa sawa. Ya 2013 nililala. Ragnarok ndio Thor alipata uhai kwa sababu walimpatia Taika Waititi, jamaa wa New Zealand ambaye upande wa baba ni Mmaori, akawaachilia waigizaji wabuni maneno hapo hapo mbele ya kamera. Yeye mwenyewe ndiye sauti ya huyo mtu wa mawe mnamsema. Halafu 2022 wakampatia tena na akaharibu. Love and Thunder ndio komedi unafaa kulalamikia, sio hii. Pale mama wa watu Jane, aliyekuwa mpenzi wa Thor, ako na saratani, anakonda, na katikati ya hio wanaleta mbuzi wawili wanapiga nduru kila dakika. Christian Bale anaigiza adui vizuri mpaka unamuogopa, baba aliyezika binti yake na mungu wake akamcheka, na muvi yenyewe haina subira ya kukaa na yeye hata dakika tano. Tofauti ni hio. Ragnarok inacheka halafu inanyamaza pale inafaa inyamaze. Ile nyingine haijui kunyamaza.

fundi_kibuye
Hao mbuzi waliwatoa wapi kwanza, ama ni bangi.

Mwalimu_wa_Siaya
Vijana habarini. Mimi nilifundisha historia miaka mingi na nimestaafu, wajukuu ndio wamenionyesha hizi filamu, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa urefu.

Fundi, hao mbuzi ni wa kweli, maana yake wamo kwenye hadithi yenyewe. Gari la Thor halivutwi na farasi, linavutwa na mbuzi wawili, na ngurumo ndiyo sauti ya gari hilo likipita. Jioni moja Thor na Loki wakalala kwa mkulima. Chakula hakikuwepo cha kutosha, Thor akachinja mbuzi wake mwenyewe wote wawili, wakapikwa, akawaambia wenye nyumba wale washibe lakini mifupa yote waitupe juu ya ngozi bila kuvunja hata mmoja. Asubuhi akainua nyundo, mbuzi wakasimama wazima. Ila mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Kumbe kijana wa nyumba hiyo, Thjalfi, alikuwa amepasua mfupa wa paja usiku atoe kilicho ndani. Baba yake alipoona macho ya Thor karibu azimie. Mwisho wake huyo kijana na dada yake wakachukuliwa wakawa watumishi wa Thor.

Sasa jakondele, swali lako. Unafikiri wenyewe walikuwa wanasimulia hizi habari wakiwa wamekunja uso?

fundi_kibuye
Ngoja kwanza. Mbuzi unamla Ijumaa na Jumamosi ako hai?? Na huyo kijana akaharibu mpango wa milele juu ya ile kitu ya ndani ya mfupa?

Lakini nitamtetea. Hio ndio sehemu tamu. Hakuna mtoto wa huku utampatia mfupa wa paja umwambie usivunje akusikie.

mwana_wa_bunyore
@fundi_kibuye kwetu angesamehewa. Kuchechemea kidogo mbuzi hafi.

kamanda_wa_milimani
Nimerudisha maneno yangu kuhusu mbuzi nusu. Kelele bado sizitaki.

Mwalimu_wa_Siaya
Naendelea. Kuna shairi moja la kale la Iceland. Thor anaamka asubuhi nyundo haipo. Jitu linaitwa Thrym limeiiba likaizika chini ya ardhi, na linasema halirudishi mpaka lipewe mungu wa kike Freyja awe mke. Freyja anakasirika mpaka mkufu wake unakatika. Miungu wanafanya kikao, na Heimdall ndiye anatoa shauri kwamba Thor mwenyewe avalishwe nguo za bibi harusi, shela, funguo kiunoni, kila kitu. Thor anakataa, anasema watamcheka. Loki anamwambia nyamaza, usipoenda majitu yatahamia kwako. Basi wakaenda, Loki akiwa msindikizaji.

Karamu ikaanza. Bibi harusi akala ng'ombe mzima na samaki wanane wakubwa, akashushia na vyombo vitatu vya pombe ya asali. Bwana harusi akashangaa, hajaona mwanamke anakula hivyo. Loki akamwambia huyu hajatia kitu mdomoni siku nane kwa hamu ya kuja kwako. Bwana akafunua shela kidogo ambusu, akaona macho kama makaa, akaruka nyuma. Loki akasema hajalala siku nane kwa hamu ya kuja kwako. Basi nyundo ikaletwa ili ibariki ndoa, ikawekwa kwenye mapaja ya bibi harusi. Yaliyofuata mnaweza kukisia.

Watu waliotunga hiyo ndio hao hao waliotunga hatua tisa. Na wa kutuhifadhia mengi ya haya ni Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland aliyeandika karibu 1220, wakati nchi yake ilikuwa imeacha hiyo miungu miaka zaidi ya mia mbili. Kwa hiyo hata yeye alikuwa mtu wa nje kidogo, akisimulia ya mababu.

jakondele
Mwalimu umeniweza. Nilikuwa nafikiri waliochafua ni Marekani kumbe ni wenyewe. Lakini bado hatua tisa zinanisumbua. Kwa muvi Thor anatolewa jicho moja tu anaendelea na maisha.

mwana_wa_bunyore
Mulembe nyote. Mimi niko na malalamiko tofauti na hayo yenu. Kwetu Emuhaya mvua iko na wenyewe, watu wa Nganyi, hio ni ukoo unajulikana, mpaka watu wa idara ya hali ya hewa walikuja wakakaa chini nao wakalinganisha utabiri wa mashine na wa wazee. Kwa hio ukiniambia mungu wa radi naangalia kama fundi anaangalia kazi ya fundi mwingine. Na kitu cha kwanza nimeona ni joho. Huyu jamaa anafanya kazi ya radi amevaa joho jekundu!! Kwetu mvua ikianza kunguruma na uko na nguo nyekundu utapigwa na kukhu, yaani nyanya, kabla radi ikupige. Vioo vinafunikwa, redio inazimwa, mtu anakaa mbali na mlango. Kukhu alikuwa anasema radi ni jogoo mwekundu anashuka, anakwaruza na kucha, ndio maana mti ukipigwa unaona umechanwa kutoka juu mpaka chini. Siku moja nikiwa mdogo mparachichi wa jirani ulichanwa hivyo tukaenda kutafuta manyoya.

Pale Ragnarok nilipenda lakini ni sehemu moja, Thor amekosa nyundo, amebanwa na dadake, baba anamtokea anamuuliza kwani yeye ni mungu wa nyundo. Hapo ndio radi inatoka kwa mwili wake yeye mwenyewe, macho yanawaka. Nikasema sasa huyu ameelewa kazi. Chombo ni cha kukusaidia tu, kazi iko kwa damu. Hio kukhu angekubali. Angemvua joho kwanza lakini angekubali.

fundi_kibuye
Sasa mmefika kwa nyundo na hapo ndio kwangu. Mbona mpini ni mfupi hivyo? Kila siku naangalia hizo muvi naona hio nyundo imekosewa. Kichwa kama hicho, mpini wa kushika na mkono mmoja, ukipiga nondo nayo kifundo cha mkono kimekwisha kwa wiki. Fundi aliyetengeneza hio alikuwa amelewa ama alikosa mteja.

Mwalimu_wa_Siaya
Fundi, Mungu akubariki, umeuliza jambo ambalo limejibiwa miaka mia nane iliyopita. Ni kosa la kiwandani.

Loki aliweka dau la kichwa chake na kibeti mmoja kwamba ndugu ya huyo kibeti hawezi kufua vitu vizuri kushinda vile vya wenzake. Mmoja akaweka chuma motoni, mwingine kazi yake kupuliza mivukuto bila kusimama hata kidogo. Loki akajigeuza nzi. Mara ya kwanza akamuuma mkono, jamaa akapuliza tu. Ya pili akamuuma shingo, akapuliza tu. Ya tatu, na ndipo nyundo iko motoni, akamuuma kwenye kope, damu ikaingia jichoni, jamaa akaachilia mkono mara moja tu amfukuze. Moto ukashuka. Nyundo ikatoka mpini mfupi. Hata hivyo miungu wakasema hicho ndicho kitu bora kuliko vyote, Loki akashindwa. Akaokoa kichwa kwa ujanja, akasema dau lilikuwa kichwa sio shingo, kwa hiyo wakamshona mdomo.

fundi_kibuye
Nilijua!!! Nilijua ni moto ulishuka! Mwalimu mimi niko na kijana wa kupuliza moto hapa, nikimwambia usiangalie simu anaangalia simu, na kila siku kazi inatoka na ufa. Nitamwambia hii hadithi kesho asubuhi. Tena nitamwambia kuhusu kushonwa mdomo.

mse_wa_menengai
@fundi_kibuye basi tafuta Infinity War ya 2018, kuna sehemu Thor anafuliwa shoka na huyo kibeti Eitri, ila kwa muvi kibeti ni mrefu kama mlingoti. Chuma kinatoka motoni hakina mpini kabisa, na yule mti Groot anakata mkono wake mwenyewe anauzungusha hapo unakuwa mpini.

fundi_kibuye
Mpini wa mti mbichi utalegea ukikauka. Lakini sawa.

kamanda_wa_milimani
Niwaulize kitu. 2011 Idris Elba alipowekwa Heimdall kuna wazungu walitaka watu wasusie muvi, eti Heimdall hawezi kuwa mweusi. Na ukweli usemwe, hilo shairi la bibi harusi mwalimu ametusimulia ndilo linamuita Heimdall mweupe kuliko miungu wote. Mnasemaje?

nyar_kano
Tunasema Thor wa hadithi ni ndevu nyekundu na nywele nyekundu, na Chris Hemsworth ni wa manjano kama mahindi, na hakuna mtu aliandamana. Loki sio ndugu yake wa kulelewa, huko kwao ni ndugu wa kuchanjia damu wa Odin mwenyewe. Hela sio binti ya Odin, ni binti ya Loki. Vyote hivyo walimeza bila maji, wakakwama kwa Elba.

kamanda_wa_milimani
Dada umefunga mlango na ufunguo umetupa ziwani.

mse_wa_menengai
Ngoja, Hela ni binti ya LOKI?

nyar_kano
Ndio kaka. Loki na jitu la kike Angrboda walizaa watatu. Huyo binti, yule mbwa mwitu Fenrir, na yule nyoka wa baharini. Kwa hio kwa muvi Hela akija na mbwa mwitu vitani jua tu ni ndugu mtu na ndugu mtu. Na mbwa mwitu na nyoka wanarudi siku ya mwisho kuwadai miungu. Odin alimtupa mmoja baharini, akafunga mwingine kamba, binti akapelekwa kwa wafu. Watoto wa mtu! Ukifikiria vizuri dijei wa Kondele hakukosea, kesi ni ile ile ya boma.

Lakini nilikuja kumjibu jakondele kuhusu kucheka, naandika kwa simu mtanisamehe nikipotea.

Mimi ni wa Kano, hapo chini Nyando, na mnajua Kano ni ya shujaa Luanda Magere. Kwara, babu yangu, ndiye alikuwa anatusimulia. Mwili wake jiwe, mikuki inadunda, maadui wakachoka wakampelekea msichana mrembo aolewe. Sasa kwara akifika kwa huyo bibi mpya alikuwa anaigiza, anatembea kama yeye, anabana sauti, sisi watoto tunaanguka tukicheka, hata nyanya anacheka jikoni. Halafu Magere anaugua, anamwambia mke asimchanje mwilini amchanje kwa kivuli. Na kivuli kinatoa damu. Hapo kwara alikuwa ananyamaza. Anavuta kiko, hasemi kitu mpaka mmoja wetu anauliza, halafu? Na alikuwa anangoja tu hapo tuulize. Miaka yote nikisikia hio hadithi, kimya kiliingia kwa sababu ya kile kicheko cha mbele. Angeanza na huzuni tungelala.

Kitu cha pili. 2020 mafuriko yalikuja kwetu Aprili, Mei, na ziwa nalo limepanda. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona kwa hio tukapelekwa kulala kwa madarasa, familia nne chumba kimoja, kamba katikati na leso. Nyumba yetu ilibaki paa tu juu ya maji. Kijana mmoja alikuwa na muvi kwa simu, hii Ragnarok, usiku watoto wanamzunguka mpaka chaji inaisha. Mimi nilikuwa nimelala huko nyuma nasikia tu. Pale mwisho kabisa wako kwa meli, wanaangalia kwao kunalipuka, na inakumbushwa yale Odin alisema, kwamba Asgard sio mahali, ni watu. Halafu yule mtu wa mawe, Korg, anawapa moyo anasema msingi ukibaki watajenga tena, na wakati huo huo msingi unapasuka, anasema basi, pole. Mama yangu hajui Kizungu. Akaniuliza wamesema nini nikamtafsiria. Alicheka mama yangu, siku ya kwanza tangu maji yaingie. Akairudia kwa Kijaluo kwa jirani upande ule wa leso, na jirani akacheka, mpaka ikafika ukutani. Siku nyingi baadaye mtu akiuliza boma yake iko aje mwingine anajibu, msingi ukibaki.

Jakondele wewe ni wa huku. Ushaenda matanga gani ukakosa watu wa kucheka?

jakondele
Dada. Sina jibu.

Mwalimu_wa_Siaya
Nyathina, poleni kwa hayo maji. Na kwara wako alijua kazi yake.

mwana_wa_bunyore
Nimesoma hio ya nyar_kano nikiwa kwa matatu hapa Luanda stendi na kondakta ananiuliza kama niko sawa.

mse_wa_menengai
Sisi Nakuru tunaishi chini ya volkano ya Menengai, na wazee wanasema huko shimoni Wamaasai walipigana wao kwa wao, Ilpurko wakawasukuma Ilaikipiak ndani, na ule mvuke unatoka ni roho zao zinatafuta njia ya kupanda. Sasa hivi hapo wanachimba mvuke wa stima. Nimekaa nikafikiria, kila nikichaji simu. Ni hayo tu.

kamanda_wa_milimani
@mse_wa_menengai hio ndio muvi sasa. Wapi Waititi.

fundi_kibuye
Kijana wangu nimemwambia ile hadithi ya nzi. Ameniuliza kama huyo Loki alikuwa wa kampuni ya simu. Nimemfuta kazi, halafu nimemrudisha.

jakondele
Nimerudi na ripoti. Jumamosi nilienda tena kwa kile kibanda, mwenye kibanda akairudia kwa sababu watoto waliomba. Nafasi ni finyu, mama wa omena yule mmoja alikuwepo na safari hii hakuna mvua, amekuja kwa hiari. Tukaenda vizuri mpaka wako kwa daraja, radi imeshatoka kwa mwili, Surtr anaanza kuinuka, stima ikapotea. Kelele! Mwenye kibanda akasema tungoje. Dakika kumi. Ishirini. Watoto hawataki kutoka na yeye hataki kurudisha pesa.

Sijui ni nini kiliniingia, nikasimama hapo mbele na tochi ya simu nikasema nitawamalizia. Lakini nikawamalizia ile ya wenyewe. Nikaanza na bibi harusi na ng'ombe mzima, kwa sababu ya kwara wa nyar_kano, na nikabana sauti kabisa. Wakacheka mpaka watu wa nje wakaingiza vichwa. Halafu nikawaleta kwa nyoka. Nikawaambia Thor amempiga, amemuua, na sasa anageuka kurudi kwa wenzake. Nikatembea. Watoto wakaanza kuhesabu wenyewe, sikuwaambia. Moja. Mbili. Kile kibanda ni kidogo, ya saba nilikuwa nimefika ukutani ikabidi nigeuke. Ya tisa nikaanguka chini kwa saruji na shati langu la kazi.

Hakuna mtu alisema kitu. Halafu kale katoto kamekaa mbele kabisa, kama ka miaka saba, kakauliza, na nyundo ilibaki na nani?

Nilikuwa nimesoma, asante Mungu. Nikakaambia ilibaki na vijana wake wawili, Magni na Modi. Kakauliza kama walipigania. Nikasema hapana, hadithi inasema tu wako nayo. Mama wa omena akasema hao walilelewa vizuri.

nyar_kano
Na ishirini yako ulirudishiwa?

jakondele
Hapana. Ameniambia nije Jumamosi ijayo stima ikipotea.